Hata Kulipa Deni Kuna Foleni

Ukitaka kujua benki inakupenda kiasi gani, nenda kaiambie unataka kumaliza deni lako mapema. Siku ya kukopa ulikalishwa kwenye kiti kinachozunguka, ukaletewa maji ya chupa, ukaitwa mteja wetu wa thamani mpaka ukaanza kuona aibu na soli ya kiatu chako. Siku ya kupeleka pesa ambayo hata hawajaidai, unaelekezwa dirisha namba nne. Dirisha namba nne halina mtu. Lina sweta tu, limevalishwa kiti, na mwenye sweta yupo chai.

Mimi nina mkopo wa nyumba. Nalisema hilo taratibu, maana mjini hapa tuko wachache. Sheria ya mikopo ya nyumba tunayo tangu mwaka 2008, na TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo zitukopeshe sisi, ipo tangu 2010. Pamoja na yote hayo, ukijumlisha mikopo ya nyumba ya nchi nzima haifiki asilimia moja ya pato la taifa. Waliobaki wote wanajenga kwa jasho lao. Mwaka huu kiwanja Chanika, mwaka kesho msingi, kisha tofali zinapigwa mvua misimu miwili, boma linapanda, lenta inafungwa, halafu kimya. Pagale linakaa miaka linaota mchicha sebuleni na mbuzi wa jirani wanafanyia vikao vyao chumba cha wageni.

Zamani nilikuwa nawacheka watu wa mapagale. Nimeacha. Mwenye pagale akilala usiku, anadaiwa na fundi peke yake, na fundi unaweza kumkwepa kwa kupita njia ya nyuma. Mimi nina vigae, nina choo cha ndani, nina bomba la maji ya moto ambalo sijawahi kuliwasha kwa kuogopa bili ya umeme, na nina benki. Benki haina njia ya nyuma. Inachukua chake kwenye mshahara kabla mshahara haujanisalimia.

Hebu tuweke hesabu mezani, maana watu huwa wanazungumzia mikopo kwa kukuna kichwa tu. Nilikopa shilingi milioni 80, riba asilimia 15 kwa mwaka, muda miaka 20. Rejesho ni shilingi 1,053,431 kila mwezi. Mwezi wa kwanza makato yakapita, nikaomba taarifa ya mkopo nione deni limeshukaje. Kati ya pesa ile yote, shilingi 1,000,000 kamili ilikwenda kwenye riba. Deni la msingi lilipungua kwa shilingi 53,431. Milioni nzima imekwenda kuwashukuru kwa kunikopesha, na elfu hamsini na tatu ndiyo iliyokwenda kazini.

Nikadhani nimeibiwa. Sikuibiwa. Asilimia 15 ya mwaka ukiigawa kwa miezi 12 ni asilimia 1.25 kwa mwezi, na asilimia 1.25 ya milioni 80 ni milioni moja. Mtoto wa darasa la saba anaipata. Riba inahesabiwa juu ya salio, na mwanzoni salio lote bado linakutazama. Ndiyo maana mwaka mzima wa kwanza ukilipa kwa adabu, bila kuchelewa hata siku, unatoa zaidi ya milioni 12.6 na deni linashuka kwa kama shilingi 687,000 tu. Na nusu ya deni, yaani ile milioni 40 ya kwanza, inakuja kuisha mwaka wa kumi na sita. Ukifika mwisho umeshalipa karibu milioni 253. Nyumba umeinunua mara tatu na ushee, na bado unalala kwenye moja.

Aliyeyaona haya kwa jicho kavu ni mke wangu. Yeye ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwetu, mwanamke anayewatoza faini wanaume wenye ndevu nyeupe kwa kuchelewa kikao dakika tano, nao wanalipa huku wanaomba radhi. Kwenye mkopo huu hawezi kusema haumhusu, kwa sababu Sheria ya Ardhi inataka mwenza aridhie nyumba ya familia inapowekwa rehani, na sahihi yake ipo pale kubwa kuliko yangu. Akaichukua ile taarifa, akavaa miwani, akanyamaza muda mrefu kidogo. Kisha akasema, "Baba watoto, kila mwezi tutaongeza laki moja."

Nikacheka. Laki moja juu ya milioni 80, nikamwambia, ni kumpiga tembo kwa ukindu. Akanigeuzia simu nione. Ukiongeza laki moja kila mwezi tangu mwanzo, na riba ikibaki ileile, mkopo wa miaka 20 unaisha kwa miaka 13 na nusu hivi. Laki hizo ukizijumlisha zote ni kama milioni 16. Riba unayoiepuka ni kama milioni 65. Ukiweza laki mbili, unamaliza kabla ya mwaka wa kumi na moja kwisha. Siri yake ni kwamba laki ya ziada haigawani na mtu. Riba ya mwezi imeshalipwa na rejesho la kawaida, kwa hiyo laki nzima inaangukia kwenye deni la msingi, na kile ilichokifuta hakizai tena riba mpaka mwisho wa mkataba. Laki moja ya mwezi wa kwanza ikiachwa kwenye deni kwa miaka 20, inakuwa karibu milioni mbili.

Sikuwa na la kujibu. Nikauliza tu hiyo laki itatoka wapi. Nyumba nzima ikanitazama.

Ilitoka kwangu. Gari sasa linatembea Jumamosi na Jumapili. Siku za kazi navuka Kigamboni kwa pantoni, shilingi 200, nikibanwa kati ya tenga la samaki na kijana mwenye spika. Kifurushi cha king'amuzi kimeshushwa mpaka kwenye kile chenye mahubiri na filamu za Kihindi zilizotafsiriwa, na mpira naufuata kibanda umiza, mimi mtu mzima mwenye vigae, nikikaa kwenye benchi na watoto wanaoniuliza kama nimekuja kumtafuta mtu. Nyama choma ya Ijumaa imehamia mwisho wa mwezi, kisha ikahamia sikukuu. Nimejaribu kukata rufaa. Mweka hazina hapokei rufaa bila ada.

Lakini kujinyima siyo kazi. Kazi ni kumfanya mkopeshaji apokee.

Laki ya kwanza niliiweka kwenye akaunti ya mkopo, nikakaa nikijisikia mtu mkubwa. Mwezi ulipokwisha, taarifa ikaja: deni la msingi limeshuka kwa kiasi cha kawaida tu. Laki haikugusa kitu. Nikaenda tawini. Dirisha namba nne, sweta, chai, kisha binti mmoja mpole sana akanipokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Laki yangu iko wapi?"

"Ipo mzee. Mfumo umeiweka kama sehemu ya rejesho la mwezi ujao."

"Sikutaka rejesho la mwezi ujao. Nataka ipunguze deni la msingi leo."

"Sawa mzee. Hapo itabidi uandike barua."

"Barua ya kuwaomba mpokee pesa?"

"Ndiyo mzee. Uambatishe na nakala ya kitambulisho."

Kitambulisho! Nadhani kuna genge la matapeli linazunguka mjini likiwalipia watu madeni yao kwa siri. Kama kweli lipo, ndugu zangu, mimi nakaa Kigamboni, nyumba yenye geti la bluu, na mbwa nitamfunga.

Nikaandika barua. Ikakaa kwa meneja, meneja akawa kwenye mafunzo. Ikarudi, ikitaka nitaje kama ninataka kupunguza rejesho au kupunguza muda. Hapa msomaji kaa vizuri, kwa sababu hapa ndipo pesa ya watu inapolala. Ukikaa kimya, unaweza kujikuta umepunguziwa rejesho. Kwa mkopo kama wangu, laki moja ya mwanzoni inashusha rejesho kwa kama shilingi 1,300 kwa mwezi. Shilingi elfu moja na mia tatu: nauli ya daladala kwenda na kurudi, kama kituo si mbali. Lakini ukisema rejesho libaki palepale na muda ufupishwe, laki hiyohiyo inafuta karibu marejesho mawili ya mwisho, yaani kama milioni mbili. Tofauti yote hiyo inategemea mstari mmoja kwenye barua, na mstari huo hakuna bango tawini linaloutaja. Mabango yote yana familia inayocheka imeshika funguo.

Binti yule, Mungu ambariki, ndiye aliyeninong'oneza niangalie pia kifungu cha ada ya kulipa kabla ya muda. Nikaupekua mkataba. Kifungu kipo, mbali kabisa, baada ya kurasa ambazo mtu mwenye haraka ya kupata nyumba husaini bila kuzigeuza, kwa herufi za ukubwa wa chawa. Yangu inahusu kumaliza mkopo wote kwa mkupuo, siyo kuongeza kidogokidogo. Ya kwako sijui. Kila mkopeshaji ana lake, na wa kuulizwa ni mkataba wenyewe, siyo mimi wala shemeji yako.

Nimemtaja shemeji. Kila familia ina mmoja aliyehudhuria semina. Wangu aliposikia habari ya laki akatikisa kichwa kwa huruma. "Kaka, unazika pesa ukutani. Peleka UTT, ukanunue vipande vya mfuko wa uwekezaji. Nunua hatifungani za Serikali." Sina ugomvi na UTT wala na hatifungani, na watu wamesomesha watoto kwa vipande na kwa kuponi. Ila hebu tupime. Hatifungani inataka uanze na milioni moja. Mimi nina laki, tena imetoka mdomoni mwangu. Na kuponi nazo hazisimami: ile ya miaka 25 ilikuwa asilimia 15.95, mwaka 2022 ikashushwa mpaka 12.56, ikaja kupanda tena baadaye. Vipande vya mfuko havijawahi kuniahidi kitu. Deni langu linanila asilimia 15 kila mwaka bila kukosa, kwa hiyo kila shilingi ninayolifutia inaniokolea asilimia 15 bila kukosa. Siku riba ya mkopo ikiwa tisa na hatifungani ikilipa kumi na tano, nitamfuata shemeji semina na daftari. Kwa leo anywe chai yake.

Pale ambapo shemeji angekuwa na hoja, mke wangu alishamtangulia. Pesa ikishaingia kwenye deni la msingi hairudi. Mtoto akilazwa usiku huwezi kwenda kubandua kigae ukakipeleka dirishani. Kwa hiyo kabla ya laki ya kwanza alitaka kwanza kuwe na akiba ya dharura ya miezi kadhaa, pembeni, mahali ambapo mimi sijui namba ya siri. Na kabla ya akiba alinilazimisha nimalize kimkopo fulani nilichokuwa nacho mtaani, vile tunavyoviita kausha damu, ambavyo riba yake inahesabiwa kwa mwezi au kwa wiki. Mtu anayeipelekea benki ziada ya asilimia 15 kwa mwaka huku anakaushwa damu kila wiki, anachota maji kwa pakacha. Lilianza kufa deni ghali, likafuata la nyumba.

Nilidhani vita ni na benki. Sikuhesabu ukoo.

Sijui habari zilitokaje, lakini ilipofahamika kwamba nalipa deni ambalo halijafika, nikawa mtu mwenye ziada. Mjomba akapiga simu. Akauliza hali, akauliza watoto, akauliza mvua, kisha akasema, "Mjomba, nasikia unalipa deni ambalo muda wake bado. Sasa mimi shida zangu muda wake umefika." Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Zikafuata kadi za michango. Mnajua kadi zetu: singo hamsini, dabo laki. Laki hasa, kana kwamba kamati zote za harusi za Dar es Salaam zimekaa na afisa mikopo wangu. Mwenyekiti wa kamati moja alinieleza usoni kabisa kwamba benki inaweza kungoja miaka 20, lakini bibi harusi hawezi. Nikampa singo. Nilikwenda peke yangu, nikala kwa watu wawili.

Kuna swali naulizwa kila mara: haraka ya nini, si uliyataka mwenyewe hayo miaka 20? Haraka ni umri. Mkopo wangu lazima uishe kabla sijafikisha miaka 60, na walionipa walihakikisha unaishia mlangoni kabisa pa kustaafu. Baba zetu walikuwa wanasema deni lililobaki litamaliziwa na mafao. Sisi tuna kikokotoo. Tangu Julai 2022 mkupuo wa kustaafu ukawa asilimia 33 ya mafao, na mwaka 2024 Serikali ikapandisha mpaka 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu na 35 kwa waliokuwa wakipata robo. Afadhali, tunashukuru, lakini mtu asiniambie nikalipe benki kwa pesa ambayo mpangilio wake umebadilika mara kadhaa nikiwa bado kazini na meno yangu yote.

Na riba yenyewe nani ataipunguza kama si mimi? Mkataba wangu unasema riba "inaweza kubadilika". Aprili 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 5.5 hadi 6. Nikakaa na wasiwasi. Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Nikaacha simu wazi, nikahakikisha ina chaji. Mpaka leo walionipigia ni watu wa bahati nasibu na mjomba.

Jamaa yangu mmoja kazini yeye amemaliza kabisa, miaka mingi kabla ya muda. Nilimwendea kutaka siri ya furaha. Akaniambia furaha bado, anafuatilia hati. Deni likiisha, rehani inabidi iondolewe kwa Msajili wa Hati, na barua ya kuiondoa inaandikwa na mkopeshaji, na mkopeshaji aliyekuwa akimkumbusha kwa ujumbe wa simu kila tarehe 25 asubuhi sasa hakumbuki faili liko wapi. Alinishauri nianze kuulizia mapema. Nimebakiza miaka karibu kumi. Nadhani naweza kuanza Jumatatu.

Sasa malipo haya ya ziada yamefanya nini? Kwa mkopo kama huu, miaka mitatu ya kulipa kawaida inakushushia deni kwa kama milioni 2.4. Miaka mitatu ya kuongeza laki inakushushia kama milioni 6.9, na laki zenyewe zote ni milioni 3.6. Hakuna uchawi hapo, ni riba iliyokosa pa kuzalia. Na kadiri siku zinavyokwenda, sehemu ya rejesho inayoingia kwenye deni la msingi inanenepa, sehemu ya riba inakonda. Mwenyewe pia nimekonda, lakini hilo daktari amelisifu.

Basi ukiwa na mkopo wa namna hii, na ukiwa huna deni la kausha damu, na akiba ya mgonjwa ipo, ongeza unachoweza. Hata elfu hamsini. Anza mapema, kwa sababu elfu hamsini ya mwaka wa kwanza ina nguvu kuliko laki ya mwaka wa kumi na tano. Kwenye barua usiandike hadithi, andika hivi: fedha hii ipunguze deni la msingi, rejesho langu libaki vilevile, muda wa mkopo ufupishwe. Mwezi ukiisha, dai taarifa ya mkopo uone kama wamefanya. Na usitoke pale dirishani bila nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, hata wakikwambia mwenye muhuri ametoka. Mngoje.